Picha za wazee wetu zikishakuwa mali ya umma, tuna ruhusa ya kuzirembesha?

Mleta mada (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi picha. Kazi yangu ni kusafisha picha zilizoliwa na mende, zilizolowa maji ya mvua, zilizopasuka pale zilipokunjwa. Mwezi uliopita niliipata kadi ya posta ya enzi za Mjerumani: mwanamke wa Kimakonde amekaa, anaitazama kamera bila wasiwasi. Hakimiliki yake imekwisha zamani. Nikaipitisha kwenye programu ya akili bandia, haikuchukua hata dakika, ikatoka inang'aa na ina rangi. Nikaitundika mtandaoni, watu wakaisambaza kama njugu.

Siku ya tatu kijana mmoja wa Newala akaniuliza, "Chale zake umezipeleka wapi?"

Nikarudi kwenye ile ya awali. Kweli bwana. Mashine iliona mistari usoni, ikadhani ni mikwaruzo ya karatasi, ikafuta yote. Ndonya, kile kipande cha mti alichovaa kwenye mdomo wa juu, nayo imegeuka mdomo uliovimba, kama kaumwa na nyuki. Nimemtangaza mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa, na chini nimeandika "Mmakonde".

Hoja yangu ni hii: kuziba mpasuko wa karatasi ni halali. Kumgusa mtu aliyemo ndani si halali, hata kama sheria haikatazi. Nipingeni. Nawasilisha.

Mchangiaji wa Arusha

Mkuu, unajitesa bure. Hizo picha zimelala makabatini Ulaya na Marekani miaka yote hiyo, nani alizitazama? Mimi nina watoto wawili, picha ya kijivu wanaipita kama tangazo. Niliwapakia rangi picha ya Mangi Meli, yule mtawala wa Wachaga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, wakakaa nayo jioni nzima. Maswali mpaka chakula kikapoa: kwa nini walimnyonga, kichwa chake kiko wapi. Kosa dogo la rangi lina ubaya gani mbele ya hayo?

Mleta mada

Nguo yake uliipaka rangi gani?

Mchangiaji wa Arusha

Nyekundu. Inapendeza.

Mleta mada

Na ulijuaje?

Mchangiaji wa Mombasa

Wanangu, hamjambo. Mimi si fundi, mimi ni mwenye picha. Mjukuu wangu alichukua picha ya marehemu mama yangu, imepigwa studio, amejitanda leso, hiyo wengine mnaiita kanga. Akaileta ina rangi, nami nikafurahi, nikavaa miwani. Leso imekuwa ya kijani! Mama hakuwa na leso ya kijani maisha yake. Ile ilikuwa nyekundu na nyeusi, naijua, nimebebwa nayo mgongoni. Hilo nikasamehe. Lakini jina la leso, ule msemo uliochapwa juu yake, je? Pale palipokuwa na maneno, mashine imechora vijiti-vijiti, si Kiarabu si Kizungu. Hata ile alama ya mwenye duka pale pembeni, "K.H.E. Mali ya Abdulla", ambayo kila mtu aliyepita Biashara Street anaijua, imekuwa makorokocho. Mwanamke hajitandi leso hivi hivi, huwa ana la kusema na kuna anayeambiwa. Sasa mama yangu amenyamazishwa.

Mjukuu nimemwambia anirudishie ile ya kijivu.

Mleta mada

Shikamoo mama. Niongeze la kifundi, maana ndilo linaloua hoja ya "mashine itakisia". Sahani za kioo, walizotumia wapiga picha wa karne ya 19 kabla ya filamu, zilikuwa hazioni rangi nyekundu. Mwanga uliozigusa ulikuwa wa samawati na zambarau. Kwa hiyo chekundu kilitoka cheusi, na samawati ya anga ikatoka nyeupe. Sahani zinazoona rangi zote zilianza kuuzwa mwaka 1906, na hata baada ya hapo wengi waliendelea na zile za zamani. Maana yake, kwenye picha ya Mangi Meli au ya wale akina mama wa studio za Unguja, nyekundu na nyeusi ni kitu kimoja. Hakuna programu itakayozitenganisha, kwa sababu habari yenyewe haikuingia kwenye kioo. Ngozi pia. Ngozi ya kahawia ilitoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, halafu mashine iliyofunzwa kwa nyuso za watu wengine inaichubua, inapitiliza upande wa pili.

Mchangiaji wa Nairobi

Naona mnachanganya mambo mawili. Sheria haiulizi kama picha ni ya kweli. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaipa picha miaka 50, basi. Ikiisha, pakeni rangi mpaka mchoke. Mimi kinachonikera ni kingine: mtu anasafisha picha ya mwaka 1890 halafu anabandika jina lake katikati ya kifua cha marehemu, "usitumie bila idhini". Idhini ya nani? Marekani mahakama ilishaamua mwaka 1999, kesi ya Bridgeman na Corel, kwamba nakala ya uaminifu ya kazi isiyo na hakimiliki haizai hakimiliki mpya. Umoja wa Ulaya nao ukaweka jambo kama hilo kwenye maelekezo yake ya 2019. Hapa kuna kituko: aliyesafisha kwa uaminifu hapati haki mpya, aliyeongeza ya kwake ndiye anayeweza kudai kitu. Sheria inamtuza mrembeshaji!

Mchangiaji wa Boston

Hilo neno "mali ya umma" linanisumbua, kama vile tunazungumzia madawati ya shule. Huku kuna kesi ya Renty na binti yake Delia, watumwa wa South Carolina. Mwaka 1850 walivuliwa nguo na kupigwa picha kwa agizo la profesa Louis Agassiz wa Harvard. Tamara Lanier, anayesema Renty ni babu yake, alikishtaki chuo mwaka 2019. Mahakama ilishikilia kuwa anayepigwa picha si mwenye picha, lakini mwaka 2022 ikamruhusu aendelee kudai kwa uchungu aliosababishiwa. Mwaka 2025 wakapatana, picha ziende kwenye makumbusho ya Wamarekani Weusi kule Charleston, South Carolina. Kwa sheria picha hizo hazina hakimiliki tangu zamani. Na bado kuna mjukuu.

Zile kadi za posta za Unguja za wasichana vifua wazi, zilizoandikwa "mrembo wa Kiswahili" bila jina, ni za ukoo huohuo. Mleta mada umeuliza tuzirembeshe au la. Mimi nauliza, hizo tuzisambaze kwa nini?

Mchangiaji wa Arusha

Hapo kwenye vifua wazi nakubali. Lakini Mangi hakuvuliwa nguo na mtu. Msitufungie kabati kwa kosa la mashine.

Mleta mada

Hakuna anayefunga, ndugu yangu. Ila kuna ngazi, na huwezi kujua umefika ya ngapi. Mwaka 2021 msanii mmoja alipaka rangi picha za wafungwa wa gereza la S-21, Phnom Penh, waliopigwa picha kabla ya kuuawa. Wengine wakaonekana wanatabasamu, ilhali kwenye picha za awali hawakutabasamu. Kambodia ikawaka, jarida lililozichapisha likaziondoa. Alianzia palepale ulipoanzia wewe, kwenye rangi.

Mimi nimeshusha ile yangu. Nimepandisha skani mbichi, na madoa yake, na chale zake. Wanaoisambaza sasa ni wachache mno, siwafichi.

Mchangiaji wa Newala

Ahsante kaka. Ni mimi yule wa chale. Bibi yangu anasema mistari ya namna ile ya shavuni anaijua. Nyuma ya kadi pameandikwa nini?

Mleta mada

Muhuri wa Lindi, mwaka hausomeki. Chini yake kuna maandishi ya penseli, yamefifia. Neno la kwanza linaanza na "Na", mengine sioni.

Mchangiaji wa Newala

Skani upande huo, nukta 1200 kwa inchi, taa uilaze pembeni ili alama za penseli zitupe kivuli. Nimsomee bibi. Na tafadhali, usiusafishe.