Je, ilikuwa halali kwa Sherman kuteketeza miji ya Kusini?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, ninasoma habari za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani na nimekwama kwa Jenerali William T. Sherman wa jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Aliiteka Atlanta, mji wa jimbo la Georgia, mwanzoni mwa Septemba 1864, akawaamuru raia wahame, na katikati ya Novemba akateketeza sehemu kubwa ya mji kabla ya kuondoka na askari wapatao 60,000 kuelekea Savannah, mji wa bandari wa jimbo hilohilo. Meya alipomsihi aifute amri ya kuwahamisha watu, akimtajia wajawazito waliokaribia kujifungua, Sherman alimjibu kwamba vita ni ukatili na hakuna awezaye kuvilainisha. Wapo wanaomsifu kwa kuharakisha mwisho wa vita, na wapo wanaomhesabu kuwa mhalifu. Ninyi mwaonaje? Naomba hoja, si ushabiki.

Mpenda Historia: Ndugu Mdadisi, binafsi sioni kama swali hili lina jibu moja, kwa sababu mambo yaliyofanyika hayakuwa ya aina moja. Chukua njia za reli. Askari walikuwa wakiyang'oa mataruma, wakiyarundika na kuyawasha moto, kisha wakiziweka reli juu yake hadi zikawa nyekundu katikati, ndipo wakazizungushia mashina ya miti ili zisiweze kunyooshwa tena. Reli hizo zilisafirisha chakula na risasi za jeshi la Kusini, na sijasikia hoja ya maana ya kuzitetea. Nyumba ya mjane ni jambo jingine kabisa. Amri ya Sherman mwenyewe ya tarehe 9 Novemba 1864 iliwakataza askari kuingia katika nyumba za watu, na uamuzi wa kubomoa vinu, nyumba na mitambo ya kuchambulia pamba ikawaachia makamanda wa vikosi vikubwa peke yao. Hata hivyo, baada ya safari alikadiria kuwa hasara ya Georgia ilifikia dola milioni 100, na kwamba milioni 20 tu ndizo zilizolifaa jeshi lake. Zilizobaki aliziita uharibifu mtupu. Kwangu mimi, takwimu hiyo iliyotoka kwake mwenyewe inamhukumu kuliko maneno ya maadui zake.

Mtetezi: Mpenda Historia, umepima mali ukasahau watu. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, na mashamba yale yaliyochomwa yalilimwa kwa jasho lao. Kila mwezi ambao vita vilirefuka ulikuwa mwezi mwingine wa utumwa kwao, na mwezi mwingine wa vifo vya askari katika mahandaki ya Petersburg, Virginia, ambako majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamekwama. Isitoshe, Savannah haikuteketezwa: jeshi la Kusini lilipotoroka usiku, viongozi wa mji wakajisalimisha, na Sherman akaingia tarehe 21 Desemba akauacha mji ukiwa mzima. Mtu anayechoma kwa chuki tu hafanyi hivyo. Tusisahau pia kwamba tarehe 30 Julai mwaka huohuo majeshi ya Kusini yaliuchoma mji wa Chambersburg, Pennsylvania, baada ya wakazi kushindwa kutoa fidia ya dola 100,000 za dhahabu.

Mwanasheria: Chambersburg ilikuwa kosa, lakini kosa la adui halihalalishi lako. Kipimo kilikuwepo tayari: kanuni za vita zilizoandaliwa na mtaalamu wa sheria Francis Lieber na kutolewa chini ya Rais Lincoln mnamo Aprili 1863 ziliruhusu kuharibu mali pale mahitaji ya vita yalipolazimu, lakini zikakataza ukatili na kuangamiza eneo ovyo. Kwa hiyo hatumpimi Sherman kwa sheria za karne yetu, bali kwa sheria za serikali yake.

Kuhusu watumwa, ndugu Mtetezi, hoja yako ni nzito na ninaiheshimu, ila ukombozi wao haukuwa lengo la Sherman katika safari ile. Tarehe 9 Desemba 1864, kwenye kijito cha Ebenezer, mmoja wa majenerali wake, Jefferson C. Davis (si yule rais wa Kusini mwenye jina kama lake), aliamuru daraja la maboya liondolewe mara tu askari walipovuka, huku mamia ya watu waliotoroka utumwani wakiwa bado ng'ambo na wapanda farasi wa Kusini wakiwakaribia. Wengi walijitosa majini, na baadhi yao wakazama. Davis hakuadhibiwa, na Sherman alimtetea.

Mtetezi: Kuhusu Ebenezer sina utetezi wowote, na sitautafuta. Ila Januari 1865 Sherman huyohuyo alitoa amri ya kuwagawia watu weusi ardhi ya pwani, hadi ekari 40 kwa familia, na aliyewarudishia mabwana wa zamani sehemu kubwa ya ardhi hiyo alikuwa Rais Andrew Johnson, mrithi wa Lincoln, baada ya bunduki kunyamaza. Kuhusu reli, vinu na maghala ya Georgia, bado nasema alikuwa na haki ya kuyachoma.

Mpenda Historia: Hayo matatu nakubaliana nawe. Ni nyumba ninazozibishia.