Mafunzo tarajali kwenye baraza la insia Marekani: dawati la ruzuku, programu za umma au ensaiklopedia ya mtandaoni? (Ulinganisho)

Nahodha_Mpole (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Marekani kwa viza ya F-1, na mwezi Mei namaliza mwaka wa kwanza. Programu yetu inamtaka kila mwanafunzi afanye mafunzo tarajali. Nimepata nafasi tatu za kiangazi, zote kwenye taasisi zisizo za kibiashara zinazopeleka insia (historia, fasihi, falsafa na kadhalika) kwa watu wa kawaida:

A. Baraza la insia la jimbo, dawati la ruzuku. Posho ndogo, saa 20 kwa wiki, siku mbili ofisini na zilizobaki nyumbani.

B. Baraza hilohilo, idara ya programu za umma: mijadala ya vitabu maktabani, maonyesho yanayozunguka miji midogo. Posho ileile, ila safari ni nyingi na jioni nyingi utakuwa kazini.

C. Taasisi nyingine, ensaiklopedia ya mtandaoni ya historia ya jimbo. Hakuna malipo. Kazi yote unafanyia kwako.

Baadaye nataka kufanya kazi makumbusho au kwenye nyaraka, si lazima kufundisha chuoni. Moyo uko B. Wenzangu darasani wananisukuma C, eti jina litaonekana kwenye makala. A hakuna hata mmoja aliyeitaja kwa wema. Naomba mnisaidie kulinganisha. Nawasilisha.

---

Kalamu_Kavu

Kabla watu hawajaanza kupiga kura, tuwekane sawa. Mabaraza haya si ofisi za serikali ya jimbo, ingawa majina yao yanadanganya. Ni taasisi huru, na ziko 56: moja kwa kila jimbo, nyingine Washington D.C., Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin, Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana Kaskazini. Kwa miaka mingi nguzo yao kubwa imekuwa fedha za NEH, mfuko wa shirikisho wa insia ulioanzishwa kwa sheria aliyoisaini Rais Johnson mwaka 1965.

Naileta historia hii kwa sababu ya posho yako. Aprili 2025 NEH ilikatisha ruzuku za mabaraza kwa barua za ghafla. Mwishoni mwa mwezi huohuo Mellon Foundation, mfuko binafsi wa ufadhili, ikatoa dola milioni 15 za dharura kwa mabaraza yote, ambazo ukizigawa kwa 56 unaona mwenyewe kwamba haziwezi kuziba pengo lote. Kwa hiyo A na B waulize bila aibu: posho inatoka fungu gani, na fungu hilo limeshaingia au linasubiriwa? Mtu muungwana hatakasirika kwa swali hilo. Akikasirika, umeshapata jibu.

---

Shangazi_wa_Maktaba

Mwanangu, chukua A. Najua halina mvuto, lakini nisikilize.

Watu wakisikia "ruzuku" wanadhani ni kujaza majedwali. Kwenye baraza la insia, dawati la ruzuku ndipo mawazo yote ya jimbo zima yanapopita. Chama cha historia cha mji mdogo kinataka kurekodi simulizi za wafanyakazi wa kiwanda kilichofungwa. Maktaba inataka kuleta mjadala wa vitabu gerezani. Kikundi cha wahamiaji kinataka maonyesho ya picha. Kila mmoja anatakiwa aeleze kwa nini jambo lake ni la insia, si tamasha tu. Mara nyingi anatakiwa amtaje mtaalamu wa fani atakayehusika, na aonyeshe mchango wake mwenyewe, ambao aghalabu si pesa taslimu bali ukumbi, muda wa wanaojitolea, au mashine za kurekodia. Wewe tarajali ndiye unayesoma mara ya kwanza na kusema: huyu anastahili kuomba, huyu bajeti yake haijumliki, huyu ana wazo zuri ila hajasema watu watalisikiaje.

Sasa fikiria unaenda kuomba kazi makumbusho. Makumbusho madogo yanaishi kwa ruzuku. Anayekuhoji ana ombi mezani ambalo limemshinda kulimalizia. Ukimwambia umekaa upande wa pili wa meza, na unajua kwa nini maombi mazuri hukataliwa, mazungumzo yanabadilika papo hapo. Niliwahi kukaa kwenye jopo la kuajiri na nimeliona hilo kwa macho yangu. Waliokuja na makala zenye majina yao walikuwa wengi. Aliyeweza kusoma bajeti alikuwa mmoja, na kazi alipata yeye.

Halafu kuna ripoti za mwisho. Hakuna anayezipenda, ila ndizo zinazosema ukweli: mradi uliahidi watu wengi, wakaja wachache, na sababu iliyoandikwa kwa haya mwishoni mwa ukurasa wa tatu ni kwamba tangazo lilitoka wiki ya tukio. Shule gani itakufundisha hayo?

---

Mguu_Njia

Shangazi shikamoo, lakini kwenye hili sikubaliani nawe. Dawati ni dawati. Huyu dada anasema moyo uko B, na insia za umma bila umma ni nini?

Mfano ni Museum on Main Street, mpango wa Smithsonian (taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani) ulioanza 1994 ambao unapitia kwenye mabaraza haya. Onyesho linafika kwenye makasha, mji mdogo unalipokea, na wenyeji wanaongeza historia yao pembeni. Hapo unajifunza mambo ambayo hayamo kwenye fomu: mwenye ukumbi na mkutubi hawasalimiani, bibi mmoja ana picha ambazo jimbo zima halina lakini hataki zitoke nyumbani kwake, na muhadhiri uliyemwalika anasoma karatasi yake neno kwa neno huku watu wanaangalia saa. Unajifunza kumkatiza msomi kwa adabu. Hiyo ni taaluma, wala sitanii.

Ila uliza usafiri. Kama hakuna gari la ofisi na hawarudishi gharama za mafuta, posho itaishia barabarani. Na kama huendeshi gari, B ni ndoto. Miji inayolengwa na maonyesho hayo kwa kawaida haifikiki kwa basi.

---

Hesabu_Kwanza

Mimi nazungumzia C tu. Kufanya kazi bure ni anasa ya mwenye akiba.

Kisheria, taasisi ya hisani Marekani ina nafasi pana zaidi kuliko kampuni ya kibiashara. Kampuni hupimwa kwa mizani ya mambo saba ambayo Wizara ya Kazi iliipitisha 2018: nani hasa ananufaika na mafunzo, mwanafunzi au mwajiri. Kwa taasisi zisizo za kibiashara, anayejitolea bila kutarajia malipo kwa ujumla anaruhusiwa. Kwa hiyo C hawavunji sheria. Lakini kuruhusiwa hakukulipii kodi ya nyumba.

Na F-1 isikuchanganye. Bila malipo hakumaanishi bila kibali. Mafunzo yakiwa sehemu ya masomo unahitaji CPT, yaani kibali cha kufanya kazi ya mafunzo ungali unasoma, na CPT huandikwa kwenye I-20 (hati ya chuo inayoshikilia hadhi yako ya F-1) kwa jina la mwajiri na tarehe zake. Saa 20 kwa wiki au pungufu huhesabiwa kuwa nusu muda, na hilo ni jambo jema kwako, kwa sababu ukijaza miezi 12 ya CPT ya muda kamili unapoteza OPT, kibali cha kufanya kazi ya fani yako ambacho wengi hukitumia baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya shahada. Historia haipati ile nyongeza ya miezi 24 ya watu wa sayansi na teknolojia, kwa hiyo OPT yako ni miezi 12 basi. Ilinde.

---

Nakala_Safi

Mnaionea C. Kazi ya ensaiklopedia ni shule ya uhariri kwelikweli: kuhakiki kila tarehe, kutafuta haki za picha, kupunguza makala ya msomi bila kuivunja. Angalieni Encyclopedia Virginia ya Virginia Humanities, ni kitu kinachosomwa na wanafunzi na walimu kila siku. Kwa mtu wa nyaraka, kujua haki za picha peke yake ni mtaji.

Lakini dada, hilo la jina wenzako wanakudanganya. Makala nyingi za namna hii huagizwa kwa wataalamu. Tarajali huhakiki, hupakia, huandika maelezo ya picha. Waulize C wazi: nitaandika ingizo langu mwenyewe, na litatoka kwa jina langu? Kama jibu ni "tutaona", ujue hakuna.

---

Nahodha_Mpole

Asanteni sana, sikutegemea. Nimeandika kote. Majibu:

C wamesema tarajali wa kiangazi haandiki, anahakiki. Waliongea kwa heshima, ila wanahitaji mtu wa saa nyingi kuliko nilivyodhani. Nimeiweka kando.

B hawana gari la ofisi. Mafuta wanarudisha baada ya safari, kwa risiti. Mimi sina gari, naendesha la kuazima.

A: posho imetengwa kwenye fedha za wafadhili binafsi, na barua ya uthibitisho ninayo. Nilimuuliza msimamizi kama naweza kwenda kuona angalau miradi miwili waliyoigharamia, akasema hilo angelipenda kwa sababu hakuna mtu wa kwenda. Tena ofisi italipa usafiri.

@Mguu_Njia usininunie.

---

Mguu_Njia

Sinuni, umenipiga kwa hoja. Ukifika huko mijini usikae mbele na viongozi. Kaa karibu na mlango, waulize wanaoondoka mapema kwa nini wanaondoka, kisha uyaandike hayo kwenye ripoti yako.

---

Shangazi_wa_Maktaba

Marahaba, Mguu_Njia, salamu yako ilinipita. Nahodha, omba jambo moja zaidi: uruhusiwe kuingia kikao cha jopo linaloamua ruzuku, hata kwa kukaa kimya. Mabaraza mengi hualika wajumbe wa nje kupitia maombi, na siku hiyo ndiyo utakayoelewa kwa nini ombi ulilolipenda limekatwa. Na usianze hata siku moja kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijakupa I-20 mpya yenye CPT. Tarehe ya kuanza iliyoandikwa pale ndiyo tarehe, hata kama msimamizi anakuomba uje "kusalimia tu" na kukaa kwenye kompyuta kidogo.