Mwanza tunaitana mazezeta: huu bado ni utani?

Wakuu, kuna hoja nimeisikia tena juzi pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba: kwamba boya, zoba, mshamba na zezeta ni maneno ya utani tu, na anayeyachukia ana lake jambo. Napinga, ila si yote.

Boya sina shida nalo. Wavuvi wanalijua: linaelea juu kutwa, samaki wananasa chini, lenyewe halina habari. Kijana akizubaa na simu mpaka akapitilizwa Buzuruga, mwite boya, atacheka, na kesho atakuita wewe.

Mshamba lina utata. Wanaoitwa hivyo stendi ya Nyegezi wametoka Sengerema, Misungwi au Magu, wengine na magunia ya mchele tunaoula sisi. Hajui daladala ya kupanda? Mwelekeze. Mbona nasi tukifika Dar tunaitwa Wasukuma kwa sauti hiyo hiyo, hata asiye Msukuma, na inatuuma?

Zezeta na taahira nayakataa kabisa. Nchi ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na bado mtu mzima anasimama mbele ya darasa na kumwita mtoto zezeta, eti ametazama ukuta na hakusikia swali. Wazazi, sikilizeni hapa. Kuna kifafa kisichoangusha mtu wala kumtoa povu. Mtoto anaganda sekunde chache, macho yametulia sehemu moja, ukimwita hasikii, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Kinaweza kumrudia mara nyingi kwa siku, na kila mara somo linampita. Dawa zipo. Wengine tatizo ni masikio. Wengine waliugua malaria kali iliyopanda kichwani, na huku kwetu ziwani malaria si ngeni. Sasa nani atamfikisha hospitali ya Bugando mtoto ambaye mtaa mzima umeshaamua kuwa ndivyo alivyo?

Na msiniambie matusi yanamkomaza. Asiyesikia swali kwa sababu ya ugonjwa hawezi kulisikia kwa kuchekwa. Ataacha tu kunyoosha mkono, na baadaye ataacha kwenda shule.

Mnaosema ni utani, nijibuni hili: watani hurudishiana. Huyo mtoto naye anaruhusiwa kumwita mwalimu wake zezeta?