Wafungwa waruhusiwe michezo ya dadu na wahusika, au marufuku ibaki? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, kuna hukumu ya Marekani nimeisoma na imenikaa rohoni.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Watu wanne watano wanakaa na karatasi na penseli. Mmoja ni msimulizi: "Mko mbele ya pango, ndani kuna kitu kinakoroma." Wengine kila mmoja ana mhusika wake, huyu mganga, yule mpiga upinde, na anasema mhusika wake atafanya nini. Dadu, mara nyingi ya pande 20, inaamua kama amefaulu. Hakuna pesa, na kwa kawaida hakuna mshindi. Kundi linapona pamoja au linaangamia pamoja. Unaojulikana zaidi ni Dungeons & Dragons, yaani "mahandaki na mazimwi", uliotoka mwaka 1974.

Sasa kisa. Mwaka 2004, katika gereza la Waupun, Wisconsin, mfungwa asiyejitaja jina aliwaandikia wakubwa barua: kuna watu wanaunda genge kupitia mchezo huu. Ikapekuliwa selo ya mmoja wao. Wakakuta vitabu 21, majarida 14, na muswada wa kurasa 96 alioutunga na kuuandika kwa mkono. Vikabebwa vyote, mchezo ukapigwa marufuku. Jamaa akaenda mahakamani, na Januari 2010 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba gereza lina haki.

Kinachonisumbua ni njia waliyopita kufika hapo. Mfungwa alileta viapo 15 vya maandishi, vingi vya wafungwa wa sasa na wa zamani, kwamba mchezo haujawahi kuzaa genge. Gereza lenyewe likakiri hivyo. Mahakama ikajibu kwamba hilo silo swali; swali ni kama wakuu wa gereza wana sababu ya maana kuamini kwamba mchezo *unaweza* kuzaa genge siku za mbele. Kipimo hicho kinatokana na kesi ya Turner v. Safley ya 1987: kanuni ya gereza inasimama ikiwa ina uhusiano wa maana na lengo halali la gereza.

Kwa kipimo hicho hata kwaya ya gereza haiponi. Ina kiongozi anayetoa amri, ina wafuasi, ina mazoezi, na wanaimba maneno ambayo askari hayaelewi vizuri.

Hoja kubwa ya gereza ilikuwa kwamba msimulizi anawaongoza wenzake kama mkuu wa genge. Aliyewahi kusimulia mchezo huu atacheka. Msimulizi si nyapara. Anatumia wiki nzima kuwaandalia ngome, wao wanaipita pembeni na kwenda kugombana na mwenye punda.

Mimi nasema waruhusiwe. Anayepinga alete hoja.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, umeeleza kila kitu isipokuwa kwa nini jamaa yuko ndani. Ni kifungo cha maisha, kwa kuua. Umehesabu vitabu vyake, kurasa zake, viapo vyake. Watu wa marehemu umewahesabu wapi? Ndugu yangu angeuawa, halafu nikasikia muuaji anapigania mahakamani haki ya kucheza mazimwi, nisingependa kusikia habari za vipaji.

Mleta mada

Ndugu, hasira hiyo siwezi kuibishia, wala sitajaribu. Ila angalia: gereza halikusema "tunamnyima kwa sababu ya marehemu". Lilisema usalama. Tukitaka kunyima burudani kama adhabu, tuseme hivyo waziwazi, kisha tujibu Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015. Kanuni ya 105 inataka magereza yote yawe na shughuli za burudani na utamaduni kwa ajili ya afya ya mwili na akili ya wafungwa. Haikuwatenga wa maisha.

Mchangiaji wa tatu

Nimelinda magereza miaka mingi, niruhusuni niseme ya mle ndani. Genge halinitishi hapo. Wanaotaka genge wanalo tayari, hawahitaji mazimwi.

Cha kwanza ni dadu. Ikishaingia, usiku haichezi hadithi, inacheza kamari. Kamari inazaa deni, na deni la gerezani linalipwa kwa chakula cha mtu au kwa mbavu zake. Ndiyo maana sehemu nyingi dadu ni marufuku.

Cha pili hamkifikirii kabisa: ramani. Mchezo huu una michoro ya ngome, korido, milango, mahali walinzi wanaposimama. Napekua selo naikuta. Nitajuaje kama ni ngome ya kufikirika au ni jengo letu?

Mchangiaji wa nne

Dadu inazungukwa kirahisi. Vikaratasi vyenye namba 1 hadi 20 kwenye kikombe, unachomoa kimoja. Na wanaotaka kucheza watacheza tu. Katika gereza la Polunsky, Texas, watu waliohukumiwa kifo wamecheza mchezo huu kila mmoja akiwa peke yake selo yake, wakiitana kwa sauti.

Mleta mada

Afande, ya ramani umenipiga. Sikuwa nimeiwaza. Basi ramani zibaki ofisini, zitoke saa ya mchezo, wachezee ukumbini mbele ya askari, na vitabu viwe vya maktaba. Karata zinazaa madeni yaleyale na magereza mengi yanaziruhusu. Sataranji ni vita vya wafalme wawili, na mwaka 2021 shirikisho la dunia, FIDE, liliwaandalia wafungwa mashindano ya kimataifa kwa mtandao. Hakuna aliyeogopa farasi.

Lakini nikuulize wewe uliyekuwa zamu. Ule muswada wa kurasa 96: ungeusoma kwanza, au ungeutia kwenye mfuko pamoja na vingine?

Mchangiaji wa tatu

Ukweli? Katikati ya upekuzi, na selo nyingine zinangoja? Ningeutia kwenye mfuko. Ila ningemwandikia risiti, na hesabu ya kurasa.