Nimealikwa kula soseji nyeupe asubuhi huku Munich, naanzaje?

MangiUghaibuni:
Wakuu habari za humu. Niko Munich kikazi, wenzangu wa ofisini wamenialika Jumamosi asubuhi tukale zile soseji zao nyeupe, Weißwurst. Nishaziona kwenye meza ya jirani mgahawani, zinaelea kwenye bakuli la maji ya moto, nyeupe pee kama hazijaiva vile, nikaagiza zangu mayai. Mimi soseji ninayoijua ni ile ya kukaanga unaweka pembeni ya chipsi, na sio kwamba nachagua nyama, kitimoto nakula, supu ya utumbo nakula, makongoro ndo usiseme, ila hii rangi inanipa shida. Halafu kuna jamaa ananitania eti tukitoka hapo tunahamia soseji ya damu. Waliokaa Ujerumani nisaidieni, inaliwaje hii kitu na ikinishinda nafanyaje pale mezani?

KijanaWaBavaria:
Mkuu zile zimeiva kabisa. Ni nyeupe kwa sababu hawaweki ile chumvi ya kuhifadhia inayofanya soseji zingine ziwe pinki. Ndani ni nyama ya ndama na mafuta ya nguruwe, wanatia kotimiri, ganda la limau na basibasi, yaani kwa harufu hutashangaa sana. Yale maji hayatakiwi kutokota, yakitokota zinapasuka. Ngozi hailiwi, unaichana na kisu kwa urefu unaimenya, wenyeji wengine wanakata ncha wanaifyonza nyama na mdomo ila wewe mgeni tumia kisu tu. Unachovya kwenye haradali tamu, ile ya kahawia, SIO ya njano kali, na mkate wa Brezel pembeni. Na msichelewe, desturi inasema isisikie kengele ya saa sita mchana, zamani hakuna friji nyama ilikuwa haikai, sasa friji zipo na desturi wameing'ang'ania vilevile.

Wa_Kiambu:
Aki unaogopa soseji ya damu na Kenya iko hapo karibu na nyinyi? Hujawahi kula mutura? Utumbo wa mbuzi ama ng'ombe unajazwa nyama, damu, kitunguu, dhania na pilipili, inachemshwa alafu inawekwa kwa makaa, jioni ukitoka job unasimama kwa barabara jamaa anakukatia kwa ubao, chumvi na kachumbari hapo kando, unakula umesimama. Mimi niko Köln, huku ya damu wanakata slaisi wanakaanga mpaka inashika kando, inakuja na viazi vya kuponda, matofaa yaliyopondwa na vitunguu vya kukaanga. Damu haikunishtua, ni hayo matofaa bana, lakini inaingiana, ule utamu unakata mafuta. Kitu nimekataa mpaka leo ni Mett, nguruwe MBICHI imesagwa, wanapaka kwa mkate na vitunguu vibichi juu, na hawana wasiwasi hata kidogo. Hiyo nimewaachia wenyewe.

BintiTanga:
Waislamu mnaopita humu, Weißwurst ina nguruwe, na hata soseji iliyoandikwa ya kuku soma maandishi ya nyuma, wakati mwingine mafuta au ule utumbo wa nje ni wa nguruwe. Mimi naingia duka la Waturuki nachukua sucuk, soseji yao ya ng'ombe, imekolea kitunguu saumu na bizari nyembamba, unakata vipande vyembamba unatia kwenye kikaango kikavu, ikiachia mafuta yake unapasulia mayai humo humo. Na kaka Mangi, ikikushinda sema tu hapana asante, hawa hawana mambo ya kulazimishana kama shangazi zetu.

MangiUghaibuni:
Asanteni sana, dada na nyie wakuu. Basi naanza na moja, zinauzwa kwa kipande si ndiyo? Lingine, wanasema inateremshwa na bia ya ngano, saa nne asubuhi kweli au ndo wananiingiza mjini?

KijanaWaBavaria:
Kwa kipande, japo sehemu zingine hawakupi chini ya mbili. Bia ni kweli mkuu, tena glasi ya nusu lita.