Usaili wa mhasibu msaidizi Alhamisi: "tueleze kuhusu wewe" naijibuje?

Wakuu, nina diploma ya uhasibu, mwaka mmoja wa kutunza vitabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kisha miezi 9 bila kazi. Nimeitwa usaili kwenye kampuni ya usambazaji hapa Dar. Yananisumbua matatu: kujieleza, uzoefu na mshahara. Nijipangeje?

Jibu la 1
Mkuu, hapo hawataki kujua ulikozaliwa wala shule ya msingi. Anza na kazi yako ya mwisho, gusa diploma kwa sentensi moja, malizia na sababu ya kuitaka kazi hii. Mfano: "Kwa mwaka mmoja nimetunza daftari la fedha la duka la vifaa vya ujenzi, nikitoa risiti za mashine ya kodi (EFD), kufuatilia wadaiwa na kufanya usuluhishi wa benki kila mwisho wa mwezi. Kwenye usambazaji bidhaa nyingi hutoka kwa mkopo, na kufuatilia madeni ndiko ninakotaka kubobea." Dakika moja na nusu inatosha. Kariri mpangilio, si maneno. Ukikariri maneno, likikutoka moja yote yanaporomoka.

Na usitaje usichoweza kukitetea. Ukisema usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki, jiandae kuulizwa: daftari na taarifa ya benki vikipishana unaanzia wapi? Hakiki salio la kuanzia, weka tiki kwenye miamala iliyopo pande zote mbili, kisha chambua kilichobaki: hundi ambazo hazijawasilishwa benki, fedha ulizopeleka lakini hazijaingia, makato ya benki ambayo hujayaandika. Makato yanaingia daftarini; hundi zinabaki kwenye taarifa ya usuluhishi mpaka zilipwe. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu zilizogeuzwa: ukiandika 540 badala ya 450, tofauti ni 90.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila mbele ya jopo lenye foleni ya wasailiwa nje, dakika moja na nusu ni nyingi. Ifanye moja. Hiyo miezi 9 itaje mwenyewe kwa sentensi moja yenye sababu, kisha nyamaza. Usivute tarehe kwenye CV kuziba pengo. Simu moja tu kwa mwajiri wako wa zamani inakuumbua.

Jibu la 3
Kwenye mshahara kosa ni kutaja namba bila kusema ni kabla au baada ya makato. Ukitaja 600,000 kabla ya makato: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% ni 60,000, inabaki 540,000 ya kukatwa kodi. 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata ni 8%, yaani 20,000, na 20,000 ya juu ni 20%, yaani 4,000. Mkononi 516,000. Mhasibu asiyeweza kuipiga hiyo palepale atajieleza vipi?

Muuliza swali
Asanteni wakuu. Na udhaifu je?

Jibu la 1
"Najituma kupita kiasi" wameshaichoka. Taja udhaifu wa kweli usiogusa uti wa mgongo wa kazi, na unachoufanyia: "Fomula za kawaida za Excel naziweza, za kuvuta data kutoka shiti nyingine bado nazifanyia mazoezi." Usahaulifu wa tarehe usiuguse kabisa, PAYE (kodi ya mishahara) mwisho ni tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, na faini analipa mwajiri.