Anakimbia vizuri lakini anazirai kwenye gwaride: mazoezi yanamjenga au yanamharibu?

Mkufunzi_Masindi:
Wakuu, naomba ufafanuzi. Tunaandaa kikosi cha gwaride la 9 Oktoba, Siku ya Uhuru wa Uganda. Wanaoongoza mbio za kilomita 10 ndio wanaoyumba baada ya nusu saa ya "mguu sawa" juani, na wazito wanasimama hadi mwisho. Niwapunguzie mbio?

Tabibu_Mbale:
Afande, usiguse mbio kwanza. Mtu akisimama, nusu lita ya damu au zaidi hushuka miguuni na tumboni. Vihisi vya presha vilivyo shingoni na kwenye mshipa mkuu juu ya moyo hugundua mara moja: mishipa hubana, mapigo huongezeka.

Mbio ndefu huleta mambo mawili yanayovutana. Damu huongezeka, hasa maji yake, na hilo huanza ndani ya siku chache tu. Hii ni akiba kwa anayesimama. Ila moyo wa mkimbiaji wa miaka mingi huwa mpana na mlaini. Hujaa sana akikimbia, lakini damu inayorudi ikipungua kidogo tu, kiasi kinachosukumwa kwa kila pigo hushuka kwa kasi kuliko kwa mtu wa kawaida. Ndiyo sababu baadhi ya waliobobea huzirai kirahisi wakisimama tuli.

Kuruti wa miezi mitatu hajafika huko, na mazoezi ya wastani yanamsaidia. Kwake anza kwa kuangalia maji anayokunywa, chai ya asubuhi aliyoikosa, malaria aliyotoka kuugua na upungufu wa damu.

Kocha_Kapchorwa:
Naongeza ratiba, maana hapo ndipo wengi hukosea. Ukiwakimbiza alfajiri kisha ukawapanga mstari saa moja baadaye, mishipa ya miguu bado imefunguka na jasho limeondoa maji. Presha hubaki chini kwa saa kadhaa baada ya mazoezi makali. Siku ya gwaride refu, mbio ziwe jioni au zisiwepo. Na mtu asisimame ghafla akimaliza mbio: atembee dakika 5 hadi 10, kwa sababu misuli ya vigimbi ndiyo inayosukuma damu irudi juu.

Hao wepesi wape nguvu za miguu mara 3 kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, seti 3 za 12, kupanda kwa vidole vya miguu, seti 3 za 15, wakishuka polepole. Kusimama nako kufundishwe: dakika 10, kisha ongeza 5 kila wanapozoea.

Mkufunzi_Masindi:
Asante kocha. Na akiwa mstarini, afanye nini bila kuonekana?

Tabibu_Mbale:
Magoti yasikazwe yakarudi nyuma. Ndani ya buti akunje vidole, abane vigimbi, mapaja na makalio kwa sekunde 10, alegeze, arudie, huku akipumua kawaida. Nusu lita ya maji robo saa kabla ya kupangwa hupandisha presha kwa muda, na wanaozirai mara kwa mara hufaidika nayo zaidi.

Miayo, jasho baridi, macho kuingia giza: apige goti papo hapo. Akianguka, mlaze na umwinulie miguu. Kumshikilia wima ni hatari, kwani ubongo unaendelea kukosa damu na anaweza hata kukakamaa kama mwenye kifafa. Asiinuke haraka.

Anayerudia, mpime. Alale dakika 5, chukua presha na mapigo. Asimame, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Presha ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, mpeleke kliniki. Mapigo yakipanda 30 au zaidi ndani ya dakika 10 huku presha haijashuka, hiyo ni shida nyingine: mazoezi yake yaanze ya kuketi au kulala, kama baiskeli ya kuegemea au kuogelea, si mbio.

Anayezirai *katikati* ya mbio, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, asimamishwe mazoezi yote hadi moyo upimwe kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.